Sauti Kwanza: Simu ya Intaneti ya Programu Huria na Ufundishaji wa Lugha katika Nyanda za Juu za Kigoma

Ikisiri

Makala hii inatetea hoja kwamba ufundishaji wa lugha kwa njia ya mtandao katika maeneo kama Kasanda, Kibondo na Kasulu ujengwe juu ya sauti kabla ya picha, na kwamba simu ya intaneti inayoendeshwa kwa programu huria ndiyo njia ambayo vyuo vya maeneo hayo vinaweza kuimiliki na kuimudu. Hoja inajengwa kwa kuangalia historia ya elimu kwa redio katika Afrika Mashariki, fonetiki ya sauti inayopita kwenye simu, hesabu ya matumizi ya data, na suala la umiliki wa mitambo. Pingamizi za kisheria, kiusalama na kiualimu zinajadiliwa pia. Makala inahitimisha kwamba kikwazo kikubwa kilichobaki ni cha mipango na watu. Teknolojia yenyewe imekwisha kukomaa.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Kasanda, wilayani Kakonko, akapita Kibondo na kushuka hadi Kasulu anapita katika eneo ambalo mtu mmoja huhitaji lugha tatu au nne ili shughuli zake ziende. Nyumbani husemwa Kiha. Kirundi ni ndugu wa karibu wa Kiha, na Waha na Warundi huelewana kwa sehemu kubwa bila mkalimani. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi, ya ofisi na ya mnada. Kiingereza kinamsubiri mwanafunzi kidato cha kwanza kama lugha ya kufundishia masomo karibu yote, na mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umekiweka kuwa somo tangu darasa la kwanza.

Kambi za wakimbizi zimeongeza mahitaji mengine. Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifunguliwa tena mwanzoni mwa 2016 na kufungwa mwishoni mwa 2021. Shule za kambini zimefuata mitaala ya Burundi na ya Kongo, kwa hiyo Kifaransa nacho kina nafasi kubwa hapa. Mtoto mmoja anaweza kuhitaji Kifaransa ili afanye mtihani wa kwao, Kiswahili ili aelewane na majirani, na Kiingereza kwa sababu familia yake inasubiri kuhamishiwa nchi ya tatu.

Walimu walioiva katika lugha hizi wapo, lakini wengi wako mbali: Dar es Salaam, Zanzibar, Bujumbura, na hata Marekani miongoni mwa Wakongo na Warundi waliowahi kuishi katika kambi hizi hizi. Swali ni namna ya kumfikisha mwalimu kwa mwanafunzi. Jibu linalotolewa kwa haraka ni mkutano wa video. Nashikilia kwamba jibu hilo linaanzia mahali pasipofaa, na kwamba tukianza na sauti tutafika mbali zaidi kwa gharama ndogo zaidi.

2.0 Redio iliyofundisha bila kusikia

Afrika Mashariki ina uzoefu mkubwa wa kufundisha kwa sauti peke yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walifikia takriban 75,000. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao. Redio ilikuwa chombo kimoja tu katika mpango huo. Nguvu yake ilitoka kwenye kikundi, kiongozi na kijitabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikwenda hatua nyingine kwa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule ya msingi. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha akatoa jibu sahihi. Mbinu hiyo ilienea baadaye katika nchi nyingi, Zanzibar ikiwemo. Hata hivyo ilikuwa na upungufu ambao hakuna mtunzi wa vipindi aliyeweza kuuondoa: mtangazaji hakuwasikia watoto. Aliyetamka vizuri na aliyekosea walipewa sifa ile ile. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirudi redioni na kwenye televisheni, na upungufu huo ukarudi nayo.

Katika somo la historia au afya, upungufu huo unaweza kuvumilika. Katika somo la lugha unagusa kiini cha somo lenyewe. Kujifunza lugha ni kusema, kukosea, kusahihishwa na kusema tena. Simu inamwezesha mwalimu kumsikia mwanafunzi, jambo ambalo redio haikuliweza. Ndiyo maana naiona simu ya intaneti kuwa hatua inayofuata ya vikundi vya kusikiliza. Inapokewa vibaya inapoletwa kama kitu kipya kabisa kisicho na asili katika elimu yetu ya watu wazima.

3.0 Sauti inayopita na sauti inayopotea

Simu ya kawaida iliundwa ili watu waelewane, na kwa lengo hilo inatosha. Njia yake ya sauti hupitisha masafa ya kuanzia takriban hezi 300 hadi 3,400. Irabu hupita vizuri katika masafa hayo. Konsonanti za kukwaruza, kama vile /s/, /f/ na /th/, hubeba sehemu kubwa ya nguvu zake juu ya kiwango hicho, na sehemu hiyo hukatwa. Msemaji mzoefu haoni hasara, kwa sababu muktadha humjazia kinachokosekana. Mwanafunzi hana akiba hiyo. Mrundi anayejifunza Kiswahili akisikia kwa simu ya kawaida jozi kama thamani na samani, au dhana na zana, anaweza asipate tofauti yoyote ya kuiga.

Simu ya intaneti haifungwi na mipaka hiyo. Kodeki (kanuni ya kubana sauti) ya Opus, iliyosanifishwa Septemba 2012 na inayotumika bila kulipia haki, inaweza kubana sauti kuanzia kilobiti 6 kwa sekunde hadi 510. Kwa kilobiti 16 hadi 24 hupitisha masafa mapana ya kutosha kuzirudisha konsonanti zinazopotea kwenye simu ya kawaida. Kwa maneno mengine, sauti iliyo bora kwa somo la matamshi hutumia data kidogo kuliko kodeki ya zamani ya G.711, ambayo hutumia kilobiti 64 kwa sauti finyu. Kwa mwalimu wa lugha, hili ni jambo la msingi kuliko uzuri wa picha.

Jambo la pili ni kuchelewa kwa sauti. Pendekezo la G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linataka sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150, na linaweka milisekunde 400 kuwa kikomo cha mipango ya kawaida. Setilaiti iliyo juu ya ikweta, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba intaneti ya vijijini na kambini, hutumia takriban milisekunde 250 kwa safari ya njia moja peke yake. Utafiti uliolinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers na wenzake, ulionyesha kwamba wazungumzaji huachiana nafasi ya takriban milisekunde 200 tu kati ya swali na jibu. Kuchelewa kukizidi hapo, mwalimu na mwanafunzi hukatishana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Mwanafunzi mwenye haya huacha kabisa kujibu.

Kwa hiyo mahali seva ilipo si suala la mafundi peke yao. Nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani yetu kuanzia 2009, pamoja na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, zimeifungua njia ya nchi kavu hadi Kigoma. Tangu 2004 Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data kati ya watoa huduma wa intaneti. Seva ikiwekwa hapo, sauti ya mwanafunzi wa Kasulu anayezungumza na mwalimu wa Zanzibar haina sababu ya kuzungukia Ulaya.

4.0 Hesabu ya bando

Hoja ya gharama inahitaji hesabu iliyo wazi. Tuchukue sauti ya Opus ya kilobiti 16 kwa sekunde. Kila pakiti ya sauti huambatana na anwani na maelezo mengine ya safari, na kwa pakiti za milisekunde 20 mzigo huo huongeza kilobiti nyingine 16 hivi. Jumla ni kilobiti 32 kwa sekunde kwa kila upande. Saa nzima ya somo itatumia takriban megabaiti 14 za kusikiliza na 14 za kusema, yaani chini ya megabaiti 30. Mwanafunzi anayefunga kipaza sauti anaposikiliza atatumia pungufu zaidi. Video ya kiasi, ya kilobiti 600 kwa sekunde, hutumia megabaiti 270 kwa saa kwa upande mmoja tu.

Muundo wa darasa nao una uzito. Kuna mifumo ambayo kila mshiriki hupokea sauti ya kila mwenzake katika mkondo wake, na kuna mifumo ambayo seva huzichanganya sauti zote na kumpelekea kila mtu mkondo mmoja. Kwa darasa la watu 20 wenye mtandao dhaifu, mfumo wa kuchanganya unafaa zaidi, kwa kuwa simu ya mwanafunzi hupokea mkondo mmoja hata washiriki wakiongezeka. Programu huria za simu za Asterisk na FreeSWITCH zina vyumba vya mikutano vya aina hiyo, na BigBlueButton, darasa la mtandaoni lililoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007, kwa miaka mingi limetumia FreeSWITCH kuchanganya sauti zake.

Bado kuna mwanafunzi mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya kawaida, asiye na intaneti kabisa. Hapa ndipo mfumo wa simu ya intaneti unapoishinda programu ya kawaida ya mikutano: unaweza kuunganishwa na mtandao wa simu za mkononi, na aliyepiga kwa kitochi akaingia chumba kile kile alimo mwenye simu janja. Suala la nani alipe lina ufumbuzi uliozoeleka nchini. Mwanafunzi anabipu, seva inaitambua namba yake na kumpigia. Gharama inahamia kwa chuo, ambacho kinaweza kuipangia bajeti, na mwanafunzi asiye na vocha habaki nje ya somo. Mwenye kitochi atapata sauti finyu, kwa hiyo mazoezi ya matamshi yanayohitaji masafa mapana yapangwe kwa kikundi chenye simu janja moja na spika. Maswali, majibu na mazungumzo yaende kwa kitochi.

5.0 Mitambo mikononi mwa nani?

Asterisk ilizaliwa mwaka 1999 nchini Marekani kwa sababu inayoeleweka kirahisi Kasulu. Mark Spencer, kijana aliyekuwa na kampuni ndogo, hakuweza kumudu bei ya mtambo wa simu wa ofisi, akaamua kuandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe mtambo huo, kisha akaiachia umma. FreeSWITCH ilifuata mwaka 2006. Jitsi, programu ya mikutano ya mtandaoni, ilianzia Chuo Kikuu cha Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2003. Barani mwetu, taasisi ya Kubatana ya Zimbabwe ilijenga Freedom Fone juu ya programu huria ili asasi ndogo ziweze kutoa habari kwa sauti kupitia simu za kawaida. Mtu yeyote anaweza kuzichukua programu hizi, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzitumia bila kulipa leseni.

Kutolipa leseni ni faida, lakini umiliki ni faida kubwa zaidi. Tovuti kubwa za kibiashara zinazowaunganisha walimu wa lugha na wanafunzi huamua mwalimu alipweje, anakatwa kiasi gani na anaonekana kwa nani. Preply, kwa mfano, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya, kisha hukata asilimia 33, inayoshuka hadi 18 kadiri saa za mwalimu zinavyoongezeka. Tovuti hizo zimewapa kazi walimu wengi wa Kiswahili, na hilo si jambo la kubezwa. Hata hivyo zimejengwa kwa ajili ya mteja mwenye kadi ya benki, intaneti ya kasi na chumba chake mwenyewe. Msichana wa Kibondo anayerudia mtihani wa kidato cha nne hakufikiriwa humo.

Mfumo ulio mikononi mwa chuo cha hapa unaweza kupangwa kwa mahitaji ya hapa. Menyu yake inaweza kusema Kiha na Kirundi. Somo linaweza kuwekwa jioni, baada ya kazi za shamba. Mwanafunzi aliyekosa somo anaweza kupiga namba na kulisikiliza upya. Kasulu ina vyuo viwili vya ualimu, Chuo cha Ualimu Kasulu na Chuo cha Ualimu Kabanga. Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikifundisha wanafunzi walio mbali tangu miaka ya 1990. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zina uzoefu mrefu wa kuwafundisha wageni Kiswahili. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 katika mazingira ya wakimbizi, inaweza kutangaza somo ambalo wanafunzi wataendelea nalo kwa simu. Viungo vyote vipo. Kinachokosekana ni kuviunganisha.

Mafunzo pia yanaweza kwenda pande zote mbili. Kuanzia 2007 Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini mwao walihamishiwa Marekani kutoka kambi za magharibi mwa Tanzania, na kuanzia 2015 Wakongo wengi wa Nyarugusu walifuata. Watoto wao wanakua katika Kiingereza. Mzazi anayetaka mwanawe asikipoteze Kiswahili anamhitaji mwalimu anayejua walikotoka. Mwalimu huyo anaweza kuwa mwanachuo wa Kasulu, na kwa saa hiyo hiyo Mkongo mwenye Kiingereza kizuri aliye ughaibuni anaweza kuwasaidia vijana wa Kigoma kuzungumza. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Heshima hiyo itakuwa na maana kubwa zaidi iwapo mwalimu wa Kigoma naye atapata riziki kwayo.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la kisheria. Tanzania ina historia ngumu ya watu waliotumia mitambo ya intaneti kuingiza simu za kimataifa kwa siri na kukwepa malipo, na kesi zake zimefika mahakamani. Chuo kinachounganisha seva yake na mtandao wa simu lazima kifanye hivyo waziwazi, kupitia mtoa huduma mwenye leseni na kwa kufuata Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ushauri wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania utafutwe kabla ya kununua kifaa chochote. Darasa linalotumia intaneti peke yake, bila kuungana na namba za simu, ndilo mahali salama pa kuanzia.

Pingamizi la pili ni usalama. Seva ya simu iliyowekwa kwenye intaneti na kulindwa kwa nywila dhaifu hugunduliwa upesi na wezi, ambao huitumia kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenyewe. Sauti za wanafunzi zilizorekodiwa nazo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na kwa mkimbizi jambo hili linagusa usalama wa maisha: sauti inaweza kumtambulisha mtu kwa wale aliowakimbia. Rekodi ziwe za mwalimu peke yake, mazungumzo ya wanafunzi yasihifadhiwe bila ridhaa yao, na watoto wasirekodiwe bila ridhaa ya wazazi.

Pingamizi la tatu husema kwamba lugha hufundishwa kwa macho pia: mdomo, ishara, maandishi ubaoni. Ni kweli, na viziwi hawawezi kufundishwa kwa njia ninayoitetea. Wao wanahitaji video na mpango wao maalumu. Kwa wengine, kijitabu kilichochapishwa au picha chache zilizotumwa kabla ya somo zitabeba sehemu kubwa ya kazi ya ubao, kama zilivyofanya mwaka 1973. Palipo na intaneti nzuri, kama katika baadhi ya shule za Nyarugusu zilizofikiwa na mradi wa Instant Network Schools wa Vodafone Foundation na UNHCR, video iongezwe. Kosa ni kuifanya kuwa sharti.

Pingamizi la nne ndilo lenye uzito kuliko yote: programu huria ni bure, lakini fundi si bure. Seva inahitaji mtu wa kuisasisha, kuilinda na kuijua. Miradi mingi ya kompyuta mashuleni imekufa siku mfadhili alipoondoka, kwa sababu ujuzi uliondoka naye. Umeme uliokuwa kikwazo kikubwa cha mkoa huu umepata nafuu tangu Kigoma ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, lakini gridi haileti mafundi. Bajeti inayotaja vifaa bila kutaja mshahara wa fundi na posho ya mwalimu isipitishwe.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba somo la lugha linahitaji sauti safi inayofika bila kuchelewa, mwalimu anayemsikia mwanafunzi, na kikundi kinachofanya mazoezi. Simu ya intaneti ya programu huria inatimiza haja hizo kwa chini ya megabaiti 30 kwa saa, na inamruhusu hata mwenye kitochi kuingia darasani.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya ualimu vya Kasulu vianze na chumba kimoja cha sauti kwa ajili ya mazoezi ya Kiingereza na Kifaransa ya walimu tarajali wao wenyewe, ili walimu wazoee njia hii kabla ya kuipeleka vijijini. Pili, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umesaidia kujenga minara vijijini, uzingatie namba za elimu ambazo mwanafunzi hatozwi. Tatu, vyuo vikuu vinavyofundisha Kiswahili na vile vinavyofundisha kompyuta viwape wanafunzi wao kazi ya pamoja: wa lugha waandike masomo ya kusikiliza na kusema, wa kompyuta wajenge na kutunza mitambo.

Taifa lililoweza kuwakusanya watu milioni 2 mbele ya redio zilizotumia betri halina sababu ya kusubiri intaneti ya kasi ifike kila kijiji ndipo lianze kufundisha lugha. Wenye dhamana ya elimu mkoani Kigoma waanze na sauti, na waanze na bajeti ya mwaka ujao.